Nasoma uhandisi umeme mwaka wa pili, nataka kuongeza mafunzo ya amali likizo hii. Nifanye?

Binti_Wete

Assalamu alaikum wakubwa zangu na wenzangu.

Mimi ni mtoto wa Wete, nasoma shahada ya uhandisi umeme Dar, nimemaliza mwaka wa pili na niko nyumbani likizo ndefu. Umeme niliuchagua tangu udogoni. Mwaka 2010 ulipoletwa umeme wa Tanga kwa waya wa baharini nilikuwa na miaka sita. Kabla ya hapo Pemba tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha, na nyumba nyingi, yetu ikiwemo, zilikuwa zikilala na kibatari. Wakubwa walikuwa wakibishana umeme unapitaje chini ya bahari na maji yasiuingie. Hakuna aliyenipa jibu la kunitosheleza, nikaazimia kwenda kulisoma mwenyewe.

Darasani sina tabu. Nipe sakiti kwenye karatasi, nitakutolea mkondo na volti za kila tawi. Lakini wiki iliyopita jirani kaniita, bodi yake ya umeme inatoa harufu ya kuungua. "Njoo mhandisi wetu." Nikazima meni swichi, nikafungua kifuniko, na hapo ujuzi wangu ukakoma, sikujua nianze na waya gani. Akaitwa kijana aliyetoka kituo cha amali, mdogo kwangu kwa umri. Akazijaribu skrubu moja moja kwa bisibisi, akaikuta ya nyutro imelegea na ganda la waya limeshaiva. Akakata, akamenya, akakaza, kazi imekwisha. Nilipomuuliza kwa nini waya uliolegea unapata moto, akasema ndivyo ulivyo. Mimi sababu naijua: panapogusana kidogo ukinzani unakuwa mkubwa, na joto linapanda kwa mraba wa mkondo. Nikaona kila mmoja wetu anakosa kile alichonacho mwenzake.

PT, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, ya mwaka huu nayo haikunisaidia. Nilipopangiwa nilikaa ofisini nikipanga mafaili, zana sikuzigusa.

Kwa hiyo nataka nijiunge na mafunzo ya amali, fani ya umeme wa majumbani. Kituo kipo Vitongoji, na siku hizi kipo na Daya Mtambwe, ambako kwetu ni karibu zaidi. Babaangu hataki hata kusikia. Kasema: "Nimeuza karafuu uwe mhandisi, si upande ngazi na koleo." Simlaumu, anaona narudi chini.

Nauliza: kweli vitu hivi viwili vinaweza kwenda pamoja, au nitaharibu shahada? Nichukue kozi ndefu au fupi? Na huko makazini, kuna anayejali kwamba mhandisi amepita amali?

Kijana_wa_Mtoni

Wa alaykumu salaam dada. Mimi nakushauri usijigawe. Mwaka wa tatu ndio wenye mashine za umeme na mifumo ya udhibiti, masomo yanayoangusha watu. Nawajua walioshika vibarua vya kutandaza waya wakaishia kurudia mitihani. Anayeajiri kwanza anatazama daraja la shahada. Ufundi utaujua ukishaingia kazini, na hata kusajiliwa kuwa mhandisi kamili kunataka si chini ya miaka mitatu ya kazi chini ya msimamizi baada ya shahada. Muda wa vitendo upo, haukimbii. Mridhishe mzee kwanza.

Mwalimu_wa_Amali

Nafundisha umeme kituo cha amali, nisemee upande wetu.

Kozi ndefu kwako haifai, nakwambia wazi. Imepangwa kwa ngazi, ya I mpaka ya III, kwa kijana anayeanza na sifuri. Anahudhuria kila siku, na ndani yake mna hesabu na michoro ambayo wewe ulishaipita. Kalenda ya chuo chako haitaruhusu. Uliza kozi fupi, au omba kukaa karakana kipindi cha likizo ukifanya na wenzako kazi zile zile: kukata na kupinda kondyuti, kupanga bodi, kuunganisha swichi za njia mbili, kufunga kontakta na ovalodi za mota, na kupima kabla ya kuwasha. Vituo havifanani mipango, kwa hiyo usiulize kwa simu. Nenda mwenyewe, na ukiweza nenda na babaako akaione karakana kwa macho yake.

Ukikubaliwa, vaa viatu vya kufunika, mtandio uufunge usining'inie, pete na bangili ziache nyumbani. Halafu usikae pembeni ukiangalia. Wanafunzi wangu wataona haya kukuambia ushike tindo kwa sababu wewe ni wa chuo kikuu. Ishike kabla hawajakuambia.

Na sisi tunafaidika. Mwanafunzi wa shahada akiuliza "kwa nini" mbele ya darasa langu, wote wanaanza kuuliza.

MamaUmeme_Mbweni

Mwanangu Binti_Wete, wa alaykumu salaam.

Mimi nimepita njia yako kutokea upande wa pili. Nilianza chuo cha ufundi cha Karume, Mbweni, enzi ambazo sisi wote tulikuwa tukiiita Technical tu, nikatoka na FTC, cheti cha fundi sanifu. Nikafanya kazi ya ufundi sanifu miaka kadhaa, ndipo nikaenda kusoma shahada nikiwa tayari nina watoto. Nimesimamia umeme wa skuli, wa pampu za visima na wa hoteli za mashamba. Jibu langu ni fanya. Lakini usifanye kwa ajili ya cheti. Cheti cha amali hakitakuongezea kitu kwenye usajili wako wa uhandisi, na mwanangu wa Mtoni amesema kweli kuhusu ile miaka mitatu. Fanya ili hesabu unazosoma sasa zipate pa kushika, sasa hivi, kabla hazijakauka.

Nichukue kitu kimoja tu, ethi, njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Umefundishwa, au utafundishwa, kwamba ukinzani wa ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, unategemea urefu wake na aina ya ardhi. Piga hesabu: rodi ya mita 1.2, unene milimita 16, ardhi ya omu-mita 100. Utapata kama omu 72. Rodi hiyo hiyo ipeleke kwenye jiwe kavu la omu-mita 1,000, utapata zaidi ya omu 700. Sasa gawa volti 230 kwa 700. Haifiki hata nusu ampea. Sakiti breka ya ampea 16 haitajua kama kuna hitilafu. Friji litakaa na umeme kwenye bati lake huku linafanya kazi kama kawaida, mpaka mtoto aliyetoka kuoga alishike. Hata ile ardhi nzuri ya omu 72 inakupa ampea 3 tu, na breka haiondoki. Ndiyo maana nyumba kama hizi lazima ziwe na RCD, kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, inayokata kwa miliampea 30, na mimi nikiingia kukagua nyumba naitafuta hiyo kwanza.

Mpaka hapo ni chuo kikuu. Yanayofuata hayamo kitabuni. Kusini na mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje, ardhi ni uwanda: jiwe la matumbawe na udongo mwembamba juu yake. Ukiipiga rodi kwa nyundo inashuka kidogo, inagonga jiwe, inapinda. Fundi asiyejua sababu ya ile rodi huikata, akafukia kipande kilichobaki, akaweka kifuniko cha zege juu, na kwa macho kazi inapendeza. Nimezifukua rodi za namna hiyo kwenye majengo mapya kabisa. Na mhandisi asiyeijua ardhi anaandika kwenye mchoro "rodi moja, mita 1.2" akiwa mjini, na hafiki kuona inavyopigwa. Familia itakayokaa mle ndani haimjui huyu wala yule.

Fundi niliyejifunza kwake kazi ya ethi alikuwa mzee wa Makunduchi. Fomula hakuwa na habari nayo. Akifika kiwanjani alikuwa akiwauliza wenyeji mihogo yao inastawi wapi. Inapostawi pana kinongo, udongo mwekundu uliojaa kwenye shimo la jiwe, na hapo rodi inashuka mpaka mwisho. Pasipokuwa na shimo alikuwa akichimba mtaro, akalaza ukanda wa shaba, akarudishia udongo mzuri alioubeba kwa gari ya ng'ombe. Nilipokwenda na kipimo cha vijiti vinne nikakuta ardhi iko vile vile alivyosema. Lakini kipimo nacho kilikuwa na la kumwambia mzee. Rodi mbili alizozoea kuzipiga karibu karibu zilikuwa zinanyang'anyana ardhi ile ile. Ukizitenganisha kwa urefu wa rodi au zaidi, ukinzani wa mbili unakaribia nusu ya ule wa rodi moja. Nilimwonyesha tarakimu, akazing'oa, akazipiga upya mbali mbali, tukapima tena. Tangu siku ile hakurudia. Hicho ndicho ninachokutakia: kukaa mahali ambapo wewe na fundi mnapima kitu kimoja na kila mmoja anaondoka na cha mwenzake.

Nikupe na jingine, maana wewe ni mtoto wa waya wa baharini. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kila duka jenereta mlangoni. Kuna watu walitengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili, wakachomeka kwenye soketi ili nyumba nzima iwake. Wewe wa mwaka wa pili unajua transfoma ya mtaani inashusha volti 11,000 kuwa 400. Haya, ilishe kwa nyuma. Inapandisha. Fundi yuko juu ya nguzo, anajua laini imezimwa, na jenereta la muuza soda linampelekea maelfu ya volti. Uwiano wa mizunguko, somo la wiki moja. Niliwahi kulieleza hilo kwa mafundi vijana mbele ya bodi iliyo wazi, nikiwa na swichi ya kubadilishia mkononi, ile inayotenga jenereta na laini ya mtaani, na niliona nyuso zao zilivyobadilika. Darasani kwenu hakuna mtu juu ya nguzo. Karakanani yupo, ana jina, na pengine ni kaka yake mwanafunzi mwenzako.

Sasa babaako. Usibishane naye. Mwambie kwa adabu kwamba fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi ni watu watatu wanaoshika kazi moja. Mchundo anaifunga, sanifu anaipima na kuisimamia, mhandisi anaipanga na kuitilia sahihi. Sahihi yako ndiyo itakayomjibia mchundo akikosea. Muulize yeye, mtu wa karafuu, kama anaweza kumsimamia mchumaji akiwa hajui tawi linavyovunjika. Naamini atakuelewa. Na usisahau kumwambia kwamba hutaacha chuo hata siku moja.

Kwa mwanamke lipo jambo la ziada, nalisema kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Ukifika saiti na kofia ya mhandisi, watakusubiri wakuone unavyoshika bisibisi. Si haki, lakini ndivyo hali ilivyo bado. Ukikaza skrubu moja sawasawa mbele yao, maelekezo yako yatasikilizwa mpaka jioni.

Namna ya kufanya: fuata ushauri wa Mwalimu, kozi fupi ya likizo, fani moja tu, iliyo karibu na unachosoma. Usichukue umeme likizo hii na uchomeaji ijayo kwa kuwa tu nafasi imepatikana. Weka daftari. Ukurasa wa kushoto andika ulichofanya siku hiyo kwa mikono: waya wa milimita ngapi, breka ya ngapi, kipimo kilisema nini. Wa kulia, usiku, piga hesabu yake. Ukurasa wa kulia ukikushinda, hilo ndilo swali la kumpelekea mhadhiri wako chuo kikifunguliwa. Daftari la namna hiyo ndilo mimi ningetaka kuliona nikikuhoji kwa kazi.

Mzanzibari_Mannheim

Salaam kutoka Ujerumani. Niongeze kidogo, maana huku mnachokitafuta nyinyi wamekiwekea mfumo. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 1974 na vyuo vilivyoitwa Berufsakademie, Stuttgart na hapa Mannheim, na 2009 vikawa chuo kikuu kimoja, DHBW. Mwanafunzi wa uhandisi anaajiriwa na kampuni kwanza, ndipo anaingia chuo. Takriban miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, hivyo hivyo kwa miaka mitatu, na mshahara anapokea miezi yote, hata ile ya darasani. Vyuo vingine vina mpango mrefu zaidi ambapo mwanafunzi anafanya kwanza mtihani wa ufundi wa chemba ya viwanda na biashara, halafu anamalizia shahada. Anatoka na vyeti viwili.

Ninachokiona kikubwa kwao ni kwamba kampuni na chuo wamekubaliana nini kifundishwe wapi. Ukisoma mota darasani, miezi inayofuata unawekwa kwenye mota. Kwetu kitu hicho hakuna wa kukupangia, dada, itabidi ukipange wewe. Chukua orodha ya masomo ya mwaka wa tatu, mpelekee Mwalimu wa karakana, mwambie "nikirudi nasoma mashine za umeme, naomba likizo hii nifungue mota." Ukiungana na wakati wa masomo yako, hofu ya Kijana wa Mtoni itapungua sana.

Kijana_wa_Mtoni

Mama, nimekusoma. Nabaki pale pale kwamba asishike kazi za kulipwa wakati wa masomo, fedha zinavuta mtu. Lakini kozi ya likizo yenye daftari, hiyo sina neno nayo.

Binti_Wete

Allah awalipe kheri nyote. Mwalimu, jana tumekwenda na babaangu. Alikaa karakanani muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akamuuliza mwalimu wa pale nani anakagua kazi ya hawa vijana wakishamaliza nyumba ya mtu. Mwalimu akamwambia, anatakiwa mtu kama bintiyo. Njia nzima mpaka Wete hakusema kitu, usiku akaniambia nianze Jumatatu, ila mtihani wowote nikiushindwa ndio mwisho. Nimekubali.

Nimepiga ile hesabu ya rodi, Mama, nimepata 71.6. Nataka sasa nipime ethi ya nyumbani kwetu. Mwalimu wa kituo ana kipimo cha vijiti vitatu na amesema atakuja nacho. Udongo wa kwetu si jiwe, ni mwekundu wa mikarafuu, unashika maji. Nijihadhari na nini?

MamaUmeme_Mbweni

Mashaallah. Mpe salamu babaako, swali lake nimelipenda.

Kupima: kwanza zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba imekufa, ndipo ufungue waya wa ethi kwenye rodi. Usiufungue kamwe umeme ukiwa umewashwa. Ukifungua kwenye hitilafu, mwili wako ndio utakaokuwa ethi. Ukiuacha umeshikana na rodi utapima ethi za majirani pamoja na yako, tarakimu itatoka nzuri ya uongo.

Rodi yenyewe ndiyo kijiti cha kwanza. Kijiti cha mkondo kipeleke mbali, mita 30 hivi kutoka kwenye rodi, kwa mstari mmoja. Cha volti kiweke kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 18 na nusu. Soma. Halafu kisogeze mbele mita 2 na nyuma mita 2, usome tena. Tarakimu zikikaribiana, kipimo ni cha kweli. Zikitofautiana sana, kijiti cha mbali hakijafika mbali vya kutosha, kisogeze uanze upya. Msipite sambamba na bomba la chuma lililozikwa, litawapotosha.

Mkimaliza rudisha waya, kaza, vuta kwa mkono uone haulegei, ndipo uwashe. Na bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD. Kama nyumba yenu haina RCD, iwekwe kabla hujarudi Dar, na tarakimu yoyote utakayopata kwenye ethi isikuzuie.

Kipimo kirudieni mwisho wa kiangazi pia, ukipata nafasi. Udongo unaoshika maji leo, kikija kiangazi ukinzani wake unapanda, na nyumba inatakiwa iwe salama mwezi ule mbaya kuliko yote. Kisha andika hapa ulichokipata, na Mwalimu naye atuambie kama kinafanana na anavyokuta maeneo ya huko.